Mirambo, Mtemi wa Urambo: Maisha na Vita Vyake

Hakuna mtu wa Lubumbashi asiyesikia habari za Msiri, mfalme wa Garanganze, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Kila mwaka Wayeke hukusanyika pale kumkumbuka. Lakini wazee wa Bunkeya wakiulizwa mababu zao walitoka wapi, hunyosha mkono kuelekea mashariki, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi. Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa mfanya biashara wa huko, naye alikuja Katanga kwa sababu ya shaba.

Basi upande ule ule waliotoka akina Kalasa, palizaliwa mtu mwingine ambaye sifa zake zilivuka ziwa. Wakati Msiri alipokuwa akijenga ufalme huku kwetu, huyo alikuwa akijenga wake kule. Jina lake ni Mirambo. Stanley, msafiri aliyepigana naye kwanza na kufanya urafiki naye baadaye, alimfananisha na Napoleon wa Ufaransa. Leo tutasimulia maisha yake, na hasa jinsi mtemi wa nchi ndogo alivyoweza kuwashinda watu waliomzidi kwa mali na kwa silaha.

NCHI ALIYOZALIWA

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840. Jina lake la utoto lilikuwa Mtyela, na baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, upande wa magharibi wa Tabora. Zamani zile Unyamwezi haikuwa ufalme mmoja. Ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo, na mara nyingi mtemi huyu hakupatana na jirani yake.

Katikati ya nchi hiyo ilipita njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo pwani mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji penye ziwa. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilikuja bara. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi mashuhuri, wenye nguvu na wepesi wa miguu. Lakini faida kubwa iliwafikia Waarabu, waliojenga nyumba zao za tembe Tabora tangu miaka ya 1850.

Waarabu hao hawakuridhika na biashara tu. Karibu na mwaka 1860 walimwondoa Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, kwa kuwa aliwatoza ushuru, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alipigana nao miaka kadhaa porini, hata akauawa mwaka 1865. Mirambo, aliyekuwa kijana wakati ule, aliyaona hayo yote. Alitambua kwamba mtemi asiye na nguvu zake mwenyewe atakuwa mtumishi wa wageni, au ataangamizwa.

JESHI LA VIJANA

Katika siku hizo hizo walifika Unyamwezi watu wa vita walioitwa Watuta. Hao walikuwa Wangoni waliotoka kusini ya Afrika, walikokimbia vita vya Shaka na majirani zake. Walikuja na maarifa mapya: vijana waliotekwa hawakuuawa, bali waliingizwa jeshini na kufanywa watu wa kundi lile. Mirambo alijifunza lugha yao na namna yao ya kupigana. Aliporithi utemi wa baba yake, karibu na mwaka 1860, akaanza kufanya vivyo hivyo. Ndipo akaitwa Mirambo, jina lenye maana ya maiti, kwa sababu ya watu wengi waliouawa katika vita vyake.

Askari wake waliitwa rugaruga. Walikuwa vijana wa makabila mbalimbali: wengine mateka, wengine watumwa waliotoroka, wengine wapagazi walioiacha misafara, wengine watoto waliofiwa na wazazi wao vitani. Mtu wa namna hiyo hakuwa na ukoo wa kumtetea wala shamba la kurudia. Baba yake alikuwa Mirambo, na ukoo wake ulikuwa jeshi. Wageni waliofika kwake walistaajabu kuona jeshi lenye vijana wengi hivyo. Mirambo aliwaeleza kwamba kijana ana macho makali na viungo vyepesi, wala hana mke na watoto wa kumvuta nyuma. Mtu mzima, asema, huwaza nyumba yake mishale inapoanza kuruka.

Sheria ya vita vyake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifuata. Kwanza, kupeleleza: wapelelezi wake walijua boma gani lina walinzi wachache na msafara gani umechoka. Pili, kwenda upesi: jeshi lilitembea usiku kwa siri, likalipiga boma alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Tatu, kutangulia mwenyewe: Mirambo alikimbia mbele ya vijana wake na bunduki mkononi, akala chakula chao na kulala pamoja nao. Nne, kugawa: mateka na mali zilipopatikana, kila mmoja alipata fungu lake, na aliyekuwa hodari alipata zaidi.

MFANO WA WAMONGOLI

Msomaji aliyesoma historia ya dunia atakumbuka hapa watu wengine wa vita, wa mbali sana, nao ni Wamongoli wa Asia. Mfalme wao Temujin, aliyeitwa baadaye Genghis Khan, alizaliwa karibu na mwaka 1162. Baba yake alikuwa mkuu wa ukoo mdogo, akauawa kwa sumu mtoto akiwa bado mchanga. Temujin alikusanya watu wa koo mbalimbali, akazivunja koo hizo na kuwapanga watu upya kwa makumi, mamia na maelfu, hata mtu akawa mali ya jeshi kuliko kuwa mali ya ukoo wake. Mwaka 1206 makabila yote ya Mongolia yalimkubali kuwa mfalme wao mkuu.

Wamongoli walipanda farasi, na mpanda farasi mmoja alikuwa na farasi kadhaa wa kubadilisha, hata jeshi lao likafika kabla ya habari zake. Tena walikuwa na hila moja waliyoipenda sana, ndiyo kujifanya wameshindwa. Mwaka 1223 majemadari wawili, Jebe na Subutai, walikutana na jeshi kubwa la Warusi. Wakarudi nyuma siku tisa, na Warusi wakawafuata kwa furaha, mpaka jeshi lao likanyoka njiani kama uzi na kukatika vipande. Penye mto Kalka Wamongoli wakageuka, wakawaangamiza.

Mirambo hakuwa na farasi, kwa maana katika pori la Unyamwezi wanyama hao huuawa na nzi aitwaye mbung'o. Tena hatuna sababu ya kudhani kwamba alipata kusikia habari za Genghis Khan. Lakini akili ya vita aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile, kama tutakavyoona sasa.

NJIA YAFUNGWA

Kufika mwaka 1871 Mirambo alikuwa ameunganisha Uyowa na Ulyankulu na nchi nyingine za jirani, naye alikuwa ameikalia njia ya Ujiji. Akataka kila msafara umlipe hongo, kama ilivyokuwa desturi ya watemi. Waarabu wakakataa kumtambua, nao walikuwa na deni na ugomvi naye wa siku nyingi. Basi Mirambo akaifunga njia. Pembe za Manyema hazikuweza kupita kwa njia ile kwenda Tabora, wala nguo za pwani hazikufika Ujiji.

Waarabu wa Tabora wakafanya shauri la vita. Wakakusanya watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa na bunduki. Pamoja nao alikuwako Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyekuwa akimtafuta Livingstone na kuona njia imefungwa. Wote walitumaini kwamba vita vitakwisha kwa siku chache.

Mwanzoni mwa Agosti 1871 walilipiga boma la Zimbizo, wakaliteka pasipo taabu nyingi. Mirambo hakukaa ndani yake kufia kuta. Aliliacha boma na kulinda watu wake, maana alijua kwamba boma hujengwa tena, lakini jeshi likiangamia halirudi.

Siku chache baadaye Mwarabu mmoja kijana, Soud bin Sayd, akachukua watu kama 500 kwenda Ulyankulu. Wakauteka mji ule, wakakuta ndani yake mali nyingi: pembe zaidi ya 100, marobota 60 ya nguo, na watu 200 au 300 waliowafanya watumwa. Wakaanza kurudi, kila mmoja amelemewa na mzigo wake, kwa njia ile ile waliyoijia.

Na Mirambo alikuwa akiwangojea. Alikuwa amewaficha vijana wake katika nyasi ndefu, kulia na kushoto kwa njia. Aliwaacha maadui waende wakiwa wepesi, akawangoja warudi wakiwa wazito. Walipofika katikati, rugaruga wakainuka pande zote mbili kwa mikuki. Mtu mwenye pembe begani hawezi kuinua bunduki upesi. Soud akauawa na Waarabu wenzake, na mali yote ikarudi kwa mwenyewe.

Habari ilipofika Zimbizo, jeshi kubwa likajawa na hofu. Kila mkubwa akajiponya mwenyewe, hata Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, karibu asahauliwe nyuma. Watu zaidi ya 2,000 wakakimbia, ingawa wengi wao hawakumwona adui hata mmoja.

SIKU YA TABORA

Mirambo hakuwapa nafasi ya kupumzika. Tarehe 22 Agosti 1871 akatokea mbele ya Tabora yenyewe. Waarabu wengi walijifungia ndani ya tembe zao, na shauri hilo lilikuwa jema, kwa kuwa kuta zao zilikuwa nene. Lakini mmoja wao, Khamis bin Abdullah, mtu wa heshima na moyo mkuu, hakuweza kuvumilia kuona mji wake ukidharauliwa. Akawapa bunduki watumwa wake wapatao 80, akatoka nje, ingawa rafiki zake walimsihi abaki.

Mirambo alipomwona anakuja, akawaamuru watu wake warudi nyuma polepole. Khamis akadhani wanaogopa, akawafuata kwa haraka, akiziacha kuta nyuma yake. Ghafula Mirambo akatoa amri, na jeshi lote likageuka na kumrukia kwa pamoja. Wale watumwa wenye bunduki wakakimbia mara moja, wakamwacha bwana wao. Kwa nini wafe kwa ajili ya mtu aliyewanunua? Khamis akauawa papo hapo pamoja na kijana aliyemlea na Waarabu wachache waliosimama naye. Robo ya mji ikateketezwa kwa moto, na ng'ombe na pembe zikachukuliwa.

Tazama, wasomaji, jinsi mambo hayo mawili yanavyofanana. Soud alishindwa na tamaa yake, na Khamis alishindwa na hasira yake. Mirambo hakuwashinda kwa wingi wa bunduki. Alijua adui yake anapenda nini, akamwacha akifuate mpaka mahali alipomtaka. Warusi wa mto Kalka waliangamia kwa njia hiyo hiyo, miaka 648 kabla yake.

Lakini mtu huyo huyo, alipoacha sheria yake, alipatwa na hasara. Muda mfupi baadaye alilipiga boma la Mfuto, mahali palipokuwa tayari kumngoja. Hapo hapakuwa na hila wala kushtukiza, ila kuta na bunduki. Akarudishwa nyuma, na vijana wengi wakabaki chini ya kuta zile.

AMANI NA URAFIKI

Vita viliendelea miaka mingi. Stanley alilazimika kuzunguka mbali upande wa kusini ili kufika Ujiji. Sultani Barghash wa Unguja alituma askari wake kumwadhibu Mirambo, nao wakashindwa. Mwishowe, kati ya miaka 1875 na 1876, Waarabu walichoka, wakapatana naye. Njia ikafunguliwa, na misafara ikamlipa hongo.

Hapo ilionekana tabia ya pili ya Mirambo. Mwezi Aprili 1876 Stanley alikutana naye tena, safari hii kwa amani. Alitazamia kuona mtu mkali wa kutisha, akaona mtu mrefu, mwenye sura nzuri, mpole wa maneno, asiyejivuna. Wakachanjana damu, wakawa ndugu. Tangu mwaka 1879 Daktari Southon, Mprotestanti wa Chama cha Misioni cha London, alikaa Urambo mpaka alipokufa mwaka 1882. Tippu Tip, ambaye jina lake lajulikana sana Manyema, naye alipatana na Mirambo alipopita mwaka 1882 akienda pwani.

Mirambo alitaka nini kwa urafiki huo? Alitaka kutambuliwa. Alitaka kufanya biashara na pwani pasipo Waarabu wa Tabora kusimama katikati, na kuwa na rafiki wa Kizungu ambaye neno lake lasikiwa Unguja. Alikuwa ametambua kwamba bunduki zote na baruti yote hutoka mahali asipoweza kufika kwa miguu yake.

KOSA LA MPIMBWE

Mwezi Juni 1880 Mirambo, pamoja na mtemi mwingine aitwaye Simba, alilipiga boma moja katika nchi ya Mpimbwe, upande wa kusini. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead. Carter alikuwa mtumishi wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ndiye aliyeleta tembo kutoka Bara Hindi ili kujaribu kama wangeweza kubeba mizigo ya Afrika, naye alikuwa akitoka Karema, kituo cha Wabelgiji penye ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Katanga. Katika ghasia ya vita wote wawili wakauawa.

Mirambo alijitetea kwamba hakuwaua kwa kusudi. Lakini Kirk, konseli wa Uingereza Unguja, aliyekuwa amekwisha anza kumwona kama rafiki, akamwacha. Mashambulio ya haraka, yaliyompa ushindi Ulyankulu na Tabora, yalimharibia Mpimbwe kazi ya miaka mingi. Kijana aliyefundishwa kuruka ukuta alfajiri na kupiga kila anayemwona hawezi kuuliza kwanza kama mtu huyu ni mgeni au adui.

MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho Mirambo alikuwa mgonjwa wa koo. Hata hivyo hakuacha vita. Tarehe 2 Desemba 1884 akafa, umri wake ukiwa karibu miaka 44.

Siku ile ile aliyokufa, mbali sana katika mji wa Berlin, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wamekaa mezani tangu tarehe 15 Novemba, nao walimaliza tarehe 26 Februari 1885. Walikuwa wakipatana juu ya biashara ya mto Kongo na juu ya namna ya kuzitwaa nchi za Afrika. Hakuna mtemi aliyealikwa, wala hakuna rugaruga ambaye angeweza kuizingira meza ile usiku.

Mahali pa Mirambo palirithiwa na ndugu yake Mpandashalo. Lakini ufalme haukuwa na nguzo nyingine ila Mirambo mwenyewe. Watemi waliotii kwa hofu wakajitenga mmoja mmoja. Mwaka 1890 Mpandashalo akauawa vitani, na mwaka huo huo bendera ya Wadachi ikapandishwa Tabora. Mwaka uliofuata, kama tulivyosema, Msiri naye akaanguka Bunkeya.

TUJIFUNZE NINI?

Watu wengi humsifu Mirambo, na sifa hiyo ina haki yake. Alionyesha kwamba akili huishinda mali, na kwamba mdogo aweza kusimama mbele ya mkubwa. Leo wilaya moja ya Tanzania yaitwa Urambo, na kambi ya jeshi la Tabora yaitwa kwa jina lake.

Lakini tusisahau wale ambao majina yao hayakuandikwa. Wale watu 200 au 300 wa Ulyankulu walifungwa kamba na Waarabu, kisha wakajikuta katikati ya mikuki ya mtemi wao mwenyewe. Kila boma lililopigwa alfajiri lilikuwa na mama aliyekuwa akiwasha moto na mtoto aliyekuwa amelala. Na wale vijana hodari wa rugaruga, wengi wao, walikuwa yatima wa vita vilivyotangulia, nao wakawafanya wengine yatima ili jeshi lisipungukiwe watu. Vita vya namna hiyo hujilisha vyenyewe. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuvuka ziwa ili kulielewa jambo hilo, kwa maana hata katika siku zetu tumeona watoto wakipewa bunduki kwa sababu zile zile alizozitaja Mirambo: macho yao ni makali, na hakuna anayewangoja nyumbani.

Mirambo alijua jinsi ya kufika upesi, kupiga na kuondoka. Hakupata nafasi ya kujifunza jinsi ya kukaa. Sheria isiyomtegemea mtu mmoja, majirani wanaokupenda kuliko kukuogopa, watoto wanaokua pamoja na baba zao: hayo hayajengwi usiku mmoja, wala hayatekwi alfajiri. Huenda polepole, lakini yakiisha kujengwa hubaki, hata mwenye kuyajenga akiisha kufa.